Majibu ya Maabara ni ya Mgonjwa Kwanza

Mvua za masika zikikatika, zahanati za Kibokoni, Kuze na Bondeni, kisiwani Mombasa, hujaa watu wenye homa. Anayeingia hutolewa damu, hukaa nusu saa kwenye benchi, kisha hukabidhiwa karatasi iliyoandikwa malaria au taifodi, mara nyingi zote mbili, pamoja na mfuko wa dawa. Wiki ya pili jirani yake hutoka na karatasi kama hiyo. Kama mtaa mzima una malaria, au dengi, au chikungunya, hakuna ajuaye, na damu iliyokwisha kutolewa haiulizwi swali la pili.

Wenzangu wa fani ya maabara husema dawa yake ni mashine zaidi. Mashine zinahitajika, nami nitazidai humu. Hata hivyo nashikilia kwamba tatizo la kisiwa cha Mombasa ni kongwe kuliko uhaba wa mashine. Tangu vipimo vya maabara vilipoingia Afrika Mashariki, majibu yake yamekwenda kwanza kwa mwenye mamlaka, na aliyetoa damu akaachwa nyuma. Yametumika kuamua nani ahamishwe, nyumba gani zichomwe na mtaa gani uzingirwe. Watu wakajifunza kuviogopa vipimo, na wakiviogopa hukimbia. Wakikimbia, takwimu huharibika, na mwenye mamlaka naye hubaki gizani. Mpaka jibu la maabara liwe mali ya mgonjwa kwanza, na limletee tiba kabla ya kumletea askari, tutaendelea kununua vifaa vizuri na kupata habari mbovu.

Kipimo kilivyofika pwani

Afya ya jamii haikuanza na maabara. Mwaka 1869 kipindupindu kilipoelekea Unguja, James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi huko, hakuwa na njia yoyote ya kukiona kiini cha ugonjwa. Alichofanya ni kuuliza. Aliwauliza wafanyabiashara wa misafara, mabaharia na wenyeji, akaifuata njia ya ugonjwa kutoka kaskazini, ukipita nchi ya Wamasai hadi Pangani na kuvuka bahari. Kitabu alichokitoa mwaka 1876 bado ni kielelezo cha upelelezi wa maradhi. Mwaka 1870 akaandika pia juu ya homa iliyoenea Unguja, yenye maumivu makali ya viungo, ambayo wazee walikumbuka kuwa iliwahi kupita nusu karne nyuma. Homa ile ikaingia vitabuni kama dengi. Baada ya miaka mia moja, mwaka 1971, mtaalamu wa virusi Donald Carey alizisoma upya zile dalili, hasa viungo kuuma kwa muda mrefu, akasema huenda ilikuwa chikungunya.

Mfano huu una uzito mkubwa kwangu kwa sababu unaonyesha maabara inaongeza nini na haiongezi nini. Kwa kuuliza, Christie aliijua njia ya ugonjwa. Asichoweza kukijua ni utambulisho wake, kwa kuwa magonjwa mawili yanayoenezwa na mbu mmoja, yote yakianza na homa ya ghafla, hayatenganishwi kwa macho. Chikungunya yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1952 na 1953 tu, katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, na virusi vyake vikapatikana katika damu ya wagonjwa wa huko.

Tauni ndiyo iliyoleta hadubini katika siasa za miji yetu. Alexandre Yersin alimpata bakteria wake Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1896 ugonjwa ukawa Bombay, na Bombay na Mombasa zilikuwa na mawasiliano ya kudumu: majahazi ya kaskazi, meli za moshi, mchele, vitambaa, na kuanzia mwaka huohuo vibarua wa reli iliyoanza kujengwa Mombasa. Kipimo kilikuwa rahisi. Mgonjwa ana mtoki uliovimba kinenani au kwapani. Daktari anauchoma kwa sindano, anavuta utone wa majimaji, anaupaka juu ya kioo, anaukausha kwenye moto wa taa ya spiriti, anautia rangi na kuuweka chini ya hadubini. Bakteria wa tauni huonekana kama vijiti vifupi vilivyokolea rangi kwenye ncha zote mbili, katikati pakiwa peupe. Mtu aliyezoea akiviona, ana hakika kubwa ya jibu kabla ya jua kuzama.

Lakini jibu lile lilisema ugonjwa ni upi, basi. Halikusema unapitia wapi. Mwaka 1898, Karachi, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye anayeubeba, na wakubwa wa tiba wakambeza kwa miaka kadhaa, hadi uchunguzi mkubwa wa India uliofanywa katikati ya muongo uliofuata ulipomthibitisha. Katika pengo hilo, kati ya kukijua kiini na kuijua njia yake, watu walifanyiwa mambo makubwa kwa jina la sayansi. Tauni ilipotokea Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya afisa wa tiba. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ikamtuma Profesa W. J. Simpson kuchunguza usafi wa Afrika Mashariki, Uganda na Zanzibar, naye akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe maeneo mbalimbali ya kukaa, yenye uwanda mtupu kati yao. Hadubini haikuwahi kuona rangi ya mtu katika mtoki. Swali lililobaki wazi lilijibiwa kwa chuki iliyokuwapo tayari, kisha likapigwa muhuri wa maabara.

Uganda mambo yalikuwa vivyo hivyo. Aldo Castellani aliona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale huko Entebbe, na mwaka 1903 David Bruce akaunganisha ugonjwa na mbung'o. Watu wa pwani ya Ziwa Viktoria wakaanza kupapaswa tezi za shingo na kuchomwa sindano, kisha wakahamishwa kwa nguvu kutoka visiwa vyao. Robert Koch, aliyefanya kazi visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, aliwapa wagonjwa dawa ya atoksili, akaongeza kipimo chake, na baadhi yao wakapofuka. Ukiwa mtu wa Ssese wakati ule, ungekuwa na sababu gani ya kuinyosha shingo yako ipapaswe? Aliyejificha alikuwa anapiga hesabu sahihi kwa habari alizokuwa nazo.

Ninazirudia habari hizi kwa sababu tarehe 6 Mei 2020 hesabu ileile ilipigwa hapa kisiwani. Siku hiyo serikali ilitangaza kwamba hakuna wa kuingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi. Amri ilikuwa ya siku 15, ikaongezwa, ikadumu hadi mwanzoni mwa Juni, ikameza nusu ya pili ya Ramadhani na Idi yenyewe. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba wakazi hawakujitokeza kupimwa korona. Ni kweli wengi hawakujitokeza. Lakini kabla ya hapo watu nchini walikuwa wamekwisha kuona kinachompata anayekutwa na ugonjwa, au hata anayedhaniwa tu kuwa nao: anachukuliwa na gari, anawekwa karantini mahali asipopachagua, na katika majuma ya kwanza anadaiwa gharama za kulala na kula kila siku. Baadaye serikali ikasema itabeba gharama hizo. Habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kufika kila kibaraza. Mama anayepika futari na daku kwa watu wanane ndani ya nyumba ya ghorofa mbili alijua kwamba akionekana ana ugonjwa, hakuna wa kushika nafasi yake jikoni, na mtoto wa kibarua alijua baba akiondoka wiki mbili hakuna unga.

Nimesikia wasomi wakisema watu wa Mji wa Kale hawaamini sayansi. Maneno hayo hayalingani na ninayoyaona. Watu haohao hulipa pesa taslimu, kila mwezi, kupimwa damu, choo na mkojo katika zahanati za binafsi. Mtu anayelipia kipimo Kuze akakataa kipimo cha bure mtaani kwake hana ugomvi na maabara. Cha kulipia kinampa karatasi mkononi na dawa, huku cha bure kikimpeleka asikokujua. Tukisahau tofauti hiyo tutaendelea kupeleka magari ya vipaza sauti penye haja ya ahadi inayotekelezwa.

Kisayansi pia, uzio ule wa Mji wa Kale ulisimama juu ya picha iliyopitwa na wakati. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Wellcome wa Kilifi pamoja na wenzao walipima damu 3,098 zilizotolewa na wachangiaji wa damu nchini, wakitafuta kingamwili za korona. Baada ya marekebisho ya kitakwimu, makadirio ya nchi nzima yalikuwa asilimia 4.3, na ya Mombasa asilimia 8.0, juu zaidi hata ya Nairobi. Kaunti hii ilihesabiwa watu milioni 1.2 katika sensa ya 2019. Asilimia 8 ni makumi ya maelfu ya watu, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa ikitangaza wagonjwa elfu chache waliothibitishwa. Virusi vilikuwa vimekwisha kuvuka Makupa, Nyali na Likoni zamani. Na tuangalie ukweli huo ulipatikana vipi: kwa damu iliyotolewa kwa hiari, kwa ajili ya kumwokoa mgonjwa mwingine, bila mtu kuhofia nyumba yake kufungwa. Damu ya hiari ilisema kweli zaidi kuliko kipimo kilichoogopwa.

Kipimo kinajibu nini

Watu wengi, na wahudumu wa afya wengi pia, huchukulia jibu la maabara kama ndiyo au hapana ya moja kwa moja. Haliko hivyo. Kila kipimo kina wakati wake na mazingira yake.

Tuanze na wakati. Mtu akiumwa na mbu mwenye dengi, virusi huwamo katika damu yake kwa wingi siku za mwanzo za homa, takriban tano. Katika siku hizo kipimo cha vinasaba, au kile kinachotafuta protini ya virusi yenyewe, hukikuta kitu. Baada ya hapo virusi hupungua, na kingamwili hupanda. Ukimpima kingamwili siku ya pili utaambiwa hana. Ukitafuta virusi siku ya tisa utaambiwa hana. Majibu yote mawili ni sahihi na yote mawili yanapotosha. Ndiyo maana swali la kwanza la mpimaji lingepaswa kuwa "homa ilianza lini?", na ndiyo maana huhuzunika ninapoona fomu za maabara ambazo sehemu ya tarehe ya kuanza kuugua imeachwa tupu.

Kisha mazingira. Chukua kipimo cha kufikirika chenye usahihi wa asilimia 95 pande zote mbili: kinawatambua wagonjwa 95 katika 100, na kinawaachilia wazima 95 katika 100. Wapime watu 1,000 katika mtaa ambamo wagonjwa ni 10 tu. Utawapata 9 au 10. Lakini katika wale wazima 990, karibu 50 wataambiwa wana ugonjwa. Kwa hiyo kati ya karatasi takriban 60 zinazosema "unao", karibu 50 ni za wazima. Peleka kipimo kilekile mtaa ambamo wagonjwa ni 300 katika 1,000: utawapata 285, na wazima watakaosingiziwa ni 35. Sasa karatasi tisa katika kumi ni za kweli. Kilichobadilika ni mtaa. Kipimo ni kilekile. Anayewapima watu ovyo mahali ambapo ugonjwa ni haba, kisha akawafungia wote waliokutwa nao, anawafungia wazima wengi kuliko wagonjwa. Kabla ya kuagiza kipimo cha watu wote, afisa wa afya ana wajibu wa kuifanya hesabu hiyo na kuiweka hadharani.

Kwa kisiwa chetu hesabu hiyo haihusu korona peke yake. Inahusu karatasi ya taifodi. Kipimo cha Widal kilibuniwa Paris mwaka 1896, na hadi leo ndicho kinachotawala zahanati zetu, kwa sababu ni cha bei nafuu na hutoa jibu haraka. Kinatafuta kingamwili dhidi ya bakteria wa homa ya matumbo. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo maji hayaaminiki, kingamwili hizo huweza kuwa zimebaki tangu maambukizo ya zamani, au zimetokana na chanjo, au na bakteria wa jamaa ya karibu. Majivu jikoni yanasema moto uliwahi kuwashwa. Hayasemi kama ni leo. Kwa kitabu, Widal inahitaji damu mbili zilizopishana kwa siku kadhaa ili ionekane kama kiwango kinapanda. Sijaona mgonjwa wa zahanati ya mtaani akiitwa arudi kwa damu ya pili. Kipimo bora ni kuotesha damu maabarani, kazi ya siku kadhaa, na hata hicho huwakosa wengi, hasa walioanza kumeza antibiotiki. Matokeo ni kwamba mtu mwenye dengi, ugonjwa wa virusi, anatoka na antibiotiki za wiki mbili zisizomfaa kitu, huku zikiwakomaza bakteria wengine mwilini mwake.

Malaria ina mtego wake. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza mtu apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, na kile kipande cha plastiki kinachotumia tone la damu kimeokoa maisha mengi. Lakini kipimo hicho kinachotumika sana hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki katika damu kwa majuma baada ya mtu kupona. Aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kupata leo mstari wa pili, alama ya "unayo", homa yake ya leo ikiwa ni ya kitu kingine. Slaidi iliyopakwa vizuri na kusomwa na jicho lililofundishwa, uwanja baada ya uwanja hadi mia moja, bado ina kazi hapa. Ni kazi inayochosha macho na inayolipwa vibaya, na wanaoifanya kwa uaminifu wanastahili heshima zaidi ya wanayoipata.

Tunajua kuwa dengi na chikungunya zipo kisiwani, kwa sababu kila maabara ilipoulizwa vizuri ilijibu. Mwaka 2004 chikungunya iliipiga Lamu kiasi kwamba uchunguzi wa damu ulikadiria robo tatu ya wakazi waliambukizwa, kama watu 13,500. Ikashuka Mombasa, kisha ikavuka kwenda Komoro na visiwa vya Bahari ya Hindi. Mei 2013, wakati wa mlipuko wa dengi, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mtaani Tudor, wakapima watu wapatao 1,500, na asilimia 13 hivi walikuwa na maambukizo ya wakati ule au ya karibuni. Kuanzia katikati ya Desemba 2017 hadi tarehe 3 Februari 2018, Mombasa iliripoti wagonjwa 453 wa chikungunya. Kati yao 32 walithibitishwa kwa maabara. 421 waliobaki walihesabiwa kwa dalili.

Nimewasikia watu wakilaumu idadi hiyo: mbona waliothibitishwa ni 32 tu? Hapo kuna kutoelewana kunakofaa kuondolewa. Maabara ikishathibitisha kwamba ugonjwa unaozunguka mtaani ni chikungunya, kumpima kila mwenye goti lililovimba ni kupoteza vifaa. Kinachohitajika ni sampuli chache kila wiki, kutoka mitaa tofauti, kuona kama hali imebadilika, na wengine kutibiwa kwa dalili. Lawama ninayoiona ya haki ni nyingine. Kwa miaka mingi thibitisho la namna hii limetegemea sampuli kusafirishwa hadi maabara za KEMRI, Nairobi, na mlipuko hugunduliwa baada ya vyumba vya kungojea kujaa. Mji wa pili wa nchi, wenye bandari inayopokea watu na mizigo kutoka kila upande wa bahari, hauna sababu ya kungojea jina la homa yake litoke mbali.

Kwa hiyo nataka mambo yafuatayo, na ninayaelekeza kwa serikali ya kaunti kwa kuwa afya iligatuliwa mwaka 2013. La kwanza ni ufuatiliaji wa kudumu wa homa. Hospitali ya Coast General, ile ya Tudor na zahanati chache za binafsi za Mji wa Kale na Majengo zichague kila wiki idadi ndogo ya wagonjwa wenye homa isiyozidi siku tano, kwa ridhaa yao, na damu zao zipimwe malaria, dengi na chikungunya hapahapa kisiwani kwa kipimo cha vinasaba. Nazitaja za binafsi kwa makusudi, maana huko ndiko watu waendako kwanza. Ufuatiliaji unaoziacha nje haumwoni mgonjwa mpaka azidiwe. Majibu ya jumla, bila jina la mtu, yabandikwe kila Ijumaa kwenye mbao za misikiti, makanisa, shule na pale sokoni Marikiti. Mtu akijua kwamba wiki hii homa nyingi za Tudor ni dengi, ataacha kununua dawa ya malaria kwa kubahatisha, na ataepuka asprini na ibuprofeni, ambazo huweza kumletea mwenye dengi kutokwa damu.

La pili ni kulifuata jibu hadi kwenye maji. Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimkingi mtu barazani. Huzaliana katika maji safi yaliyotuama ndani ya nyumba, na kisiwani maji hutuama ndani ya nyumba kwa sababu bomba halitoki kila siku. Funua birika la uani au pipa la jikoni, mulika tochi, utaona viluwiluwi vikining'inia kichwa chini na kuzama mwanga unapovigusa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwani mayai hugandamana na ukuta wa pipa juu ya usawa wa maji, yakakauka, yakakaa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Ni lazima kuta zisuguliwe kwa brashi na mfuniko ufunge barabara. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini waliokabidhiwa mikoba mwaka 2023, wanaweza kuifanya kazi hiyo nyumba kwa nyumba wakiambiwa na maabara waanzie mtaa upi. Na kaunti ikitoa maji ya bomba kila siku, itakuwa imefanya kazi kubwa ya kuzuia dengi kuliko dawa yoyote ya kupuliza.

La tatu, Widal ya damu moja iachwe. Haitafutika kwa siku moja, kwa maana kuna zahanati zinazoishi kwa mapato yake, na kuna wagonjwa wanaoiomba kwa jina. Basi kaunti ianze kwa kuzipa zahanati huduma ya kuotesha damu kwa bei ya ruzuku, na mkaguzi wa maabara aulize rejista, si kibali cha ukutani tu.

La nne ndilo ninalolishikilia zaidi, na halihitaji mashine. Iwe kanuni, katika kila mlipuko, kwamba hakuna sindano wala pamba itakayomgusa mtu kabla hajaelezwa mambo matatu: anapimwa nini, majibu atayapata lini na kwa njia gani, na akikutwa na ugonjwa yatamfuata yapi, nani akilipa. Kama jibu la swali la tatu ni kutengwa, chakula cha watoto wake kiwe kimepangwa kabla ya kipimo, na atengwe nyumbani kwake pale inapowezekana. Maimamu, wazee wa mitaa na walimu wa madrasa waitwe wakati mpango unapoandikwa. Kuwaita wakati wa kutangaza ni kuwafanya tarishi, na watu wanaijua tofauti. Nasikia hoja kwamba ugonjwa wa kuambukiza haungoji mazungumzo, na kwamba haki ya mmoja haiwezi kuhatarisha mji. Kwa mlipuko wa ebola hoja hiyo ina nguvu, nami sipingi mtu kutengwa haraka. Ila hata huko, miaka ya karibuni mashariki ya Kongo imeonyesha kwamba timu zilizokwenda na polisi zilikimbiwa, na wagonjwa wakafichwa. Haraka isiyoaminiwa huishia kuwa polepole.

Nawe msomaji, usingoje kanuni hiyo iandikwe. Ukitolewa damu wiki hii, mwambie mpimaji homa ilianza siku gani na dawa gani umekwisha kumeza. Muulize ni kipimo gani, na kama ni Widal, uliza kwa nini damu haioteshwi. Chukua nakala ya majibu, iandikwe tarehe, uiweke nyumbani pamoja na za watoto wako, kwa sababu majibu hayo ni yako na ziara ijayo daktari atayahitaji.